Vitufe vilisema Kiswahili, mtambo wa kusaka haukukijua kitenzi

Mabishano kuhusu jina la kompyuta yametuchukulia muda mrefu kuliko yalivyostahili. Mkenya anashikilia tarakilishi, Mtanzania anasema kompyuta, na katika vitabu vingine tunaletewa ngamizi, neno ambalo sijawahi kulisikia likitamkwa sokoni hata siku moja. Nimehudhuria makongamano ambayo kikao kizima, tangu chai ya saa nne hadi chakula cha mchana, kiliishia kwenye tovuti na wavuti: ipi ni ipi, na nani aliitunga kwanza. Sina ugomvi na uundaji wa istilahi. Ni kazi halali na ina mabingwa wake. Ninalolalamikia katika makala haya ni kwamba tulipokuwa tukigombania nomino za kuipachika mashine, mashine yenyewe ilikuwa ikipewa nadharia nzima kuhusu neno ni nini, na nadharia hiyo haikuwa na nafasi ya kitenzi cha Kiswahili.

Tuanzie mbali kidogo. Chombo cha kwanza cha kusaka kwenye intaneti kiliitwa Archie, kikatolewa mwaka 1990 katika Chuo Kikuu cha McGill, Montreal. Mbunifu wake mkuu, Alan Emtage, ni mzaliwa wa Barbados. Archie ilisaka majina ya faili tu. Yaliyoandikwa ndani ya faili haikuyaona. Mwaka 1991 Chuo Kikuu cha Minnesota kikaleta Gopher, mfumo wa orodha ndani ya orodha, na karibu wakati uo huo wavuti wa Tim Berners-Lee ukaanza kutoka nje ya maabara ya CERN kule Geneva. Katika hatua hizo suala la lugha lilikuwa dogo. Jina la faili ni jina la faili.

Mambo yalibadilika Desemba 1995, kampuni ya Digital Equipment Corporation ilipotoa AltaVista. Huu ulikuwa mtambo uliosoma kurasa nzima, neno kwa neno, na kuyaweka yote katika faharasa moja kubwa. Hapo sasa mhandisi hana budi kuamua: neno linaanzia wapi na linaishia wapi? Maneno mawili yanayofanana yahesabiwe kuwa ni moja lini? Haya ni maswali ya mofolojia, yale yale tunayowatesa nayo wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Wahandisi waliyajibu kwa lugha waliyoijua.

Jibu mashuhuri lilikuwapo tayari. Mwaka 1980 Martin Porter, wa Cambridge, alichapisha kanuni fupi za kukata miisho ya maneno ya Kiingereza. Ukizipa connected, connecting na connections, zinakata mkia na kukurudishia connect. Msomaji akisaka moja anapata yote. Ni kazi nadhifu sana, na imeigwa na kusambazwa duniani kote kwa sababu ni nyepesi na inafanya kazi. Lakini itazame vizuri: inakata mkia peke yake. Kichwa cha neno haikigusi, maana katika Kiingereza kichwa cha neno aghalabu hakichezi.

Sasa chukua kitenzi chetu. Anasoma, walisoma, tulivyosoma, hawajasomeshwa, asiyesoma, msome. Mzizi ni ule ule, -som-, lakini umejificha katikati. Hawajasomeshwa pekee ina mofimu saba: ha-wa-ja-som-esh-w-a. Tatu zinatangulia mzizi. Zipe kanuni za Porter maneno haya uone. Wasome itakatwa e ya mwisho ibaki "wasom", kwa kuwa kanuni zinaidhani e ile ni ya Kiingereza, isiyotamkwa. Wasoma itaachwa jinsi ilivyo. Kwa hivyo dhamira tegemezi imenyolewa, dhamira arifu imebaki na nywele zake, na hakuna lililounganishwa na lolote.

AltaVista ilikuwa na mlango wa dharura. Uliruhusiwa kuandika kinyota badala ya herufi usizozijua, ila sharti kije baada ya angalau herufi tatu. Mwingereza aliandika mwanzo wa neno, akaweka kinyota, akastarehe. Mswahili angetaka kukiweka kinyota mbele, halafu kingine nyuma, na mbele hakikukubaliwa. Nomino nazo? Kiwanja kinakuwa viwanja, kitabu vitabu, ukuta kuta, jicho macho. Wingi wa Kiingereza uko mwishoni, wetu uko mlangoni. Mfumo uliomruhusu mtu kusahau mwisho wa neno tu ulikuwa, kwa mzungumzaji wa lugha ya Kibantu, umewekwa kichwa chini miguu juu.

Kuna jingine ambalo wanafunzi wangu hulicheka wakidhani natania. Mitambo hii hupima uzito wa neno kwa uadimu wake. Wazo hilo lilitolewa na Karen Spärck Jones mwaka 1972, naye pia wa Cambridge, na ni wazo zuri: neno linalopatikana katika kila hati halikusaidii kuchagua hati, neno adimu linakusaidia. Lakini uadimu unapimwa ndani ya rundo lililopo. Katika rundo ambalo karibu lote ni Kiingereza, "the" haina thamani, na "kwa", "ya" na "ni" ni vito. Ukiandika "historia ya Isiolo", ile "ya" inaweza kuchukuliwa kuwa neno la maana kubwa. Aidha, mitambo ilikuja na orodha ya maneno ya kupuuzwa, yote ya Kiingereza. Viunganishi vya wenyewe viliondolewa kimya kimya. Vyetu viliachwa vijaze njia.

Msomaji wa Nairobi au Mombasa atauliza, hasara iko wapi? Nitamjibu kwa kisa cha Isiolo.

Mwishoni mwa 2006, baada ya mvua kubwa, homa ya Bonde la Ufa ililipuka Garissa na kusambaa. Ni ugonjwa unaoletwa na virusi, unaenezwa na mbu, na watu huupata pia kwa kushika damu na nyama ya mnyama mgonjwa. Kabla ulipuko haujaisha mwaka 2007, zaidi ya watu 150 walikuwa wamefariki nchini. Dalili yake ya mapema katika mifugo inajulikana: majike wengi hutupa mimba kwa wakati mmoja. Miezi hiyo nilikuwa Kiwanjani, pale Isiolo karibu na uwanja wa ndege, nikikusanya data ya lugha. Mzee mmoja jirani, mfanyabiashara wa mifugo, alisikia kwamba mjini kuna saiba na kwamba mimi nilikuwa nikienda huko kusoma barua pepe. Akaniambia, "Mwalimu, hebu uliza hiyo mashine yenu, ng'ombe zinatupa mimba ni ugonjwa gani?"

Nikaenda nikauliza, kwa maneno yake, kama alivyonituma.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa ng'ombe mwenyewe. Kiswahili kina bahati: alfabeti yetu haina vitone wala kofia, kwa hiyo tuliepuka balaa la herufi kuvurugika lililowapata wengine. Tuna kialama kimoja tu, kile kibainishi cha ng'. Zana kadha za miaka ile zilikihesabu kuwa ukingo wa neno. Zikikata pale, zinabaki na "ng", isiyo kitu, na "ombe", ambayo mtu angeweza kuidhani ni ya kitenzi kuomba. Hata chombo kisichokata kina mtego wa pili: kibainishi kilichonyooka, tunachokigonga kwenye kibodi, na kile kilichopinda, ambacho programu za kuandikia hukibadilisha zenyewe, ni herufi mbili tofauti machoni pa mashine. Ng'ombe wa kwenye hati na ng'ombe wa kwenye swali wanapitana njiani bila salamu. Kwa lugha inayozungumzwa na wafugaji kutoka Umaasaini hadi Moyale, hili si jambo la pembeni.

Kikwazo cha pili ni zile "zinatupa". Kitabu cha sarufi kinataka "ng'ombe wanatupa", kwa upatanisho wa ngeli ya A-WA. Mzee alisema "zinatupa", kama wanavyosema watu wengi wa Isiolo, na wengine wangesema "inatupa". Mwandishi wa kijitabu cha afya ya mifugo ataandika "kutupa" au "waliotupa". Bingwa wa lugha atamsahihisha mzee. Mtambo unaoujua mzizi -tup- usingekuwa na haja ya kumsahihisha, ungempeleka kwenye kijitabu. Uliokuwa mbele yangu ulitafuta z-i-n-a-t-u-p-a, herufi baada ya herufi, haukuziona popote, ukasema hakuna.

Nikabadilisha nikaandika kwa Kiingereza. Kurasa za Shirika la Afya Duniani na zile za FAO zikaja mara moja, wazi kabisa. Nikarudi nikamtafsiria mzee kwa mdomo chini ya mti, akaita na wenzake. Kwa hivyo jambo lilifika. Lilifika kwa sababu profesa alikuwa njiani kwenda saiba.

Hapo hapo Kiwanjani nilipata pia kulifikiria jina la mtaa wenyewe. Kiwanja, pamoja na kiambishi tamati -ni cha mahali. Jina limehifadhi matumizi ya zamani, kiwanja cha ndege, ambayo vitabu vyetu vya shule vimeyaacha vikachukua uwanja wa ndege. Mkaazi anasema "natoka Kiwanjani" na hakuna anayemwelewa vibaya. Mtambo unaona nini? Unaona neno lisilohusiana na kiwanja, kwa kuwa -ni haimo katika mikia inayoijua. Ukisaka leo, mtaa unachanganywa na timu zinazoshuka kiwanjani siku ya Jumamosi. Ukiongeza "viwanja" ndiyo umeharibu zaidi, maana Tanzania kiwanja ni kipande cha ardhi cha kujengea, na utaletewa madalali. AltaVista, lazima niseme kwa haki, ilikuwa na adabu moja waliyoiacha waliofuata: ukianza neno kwa herufi kubwa, ilileta yenye herufi kubwa tu. Jina la mahali lilikuwa na heshima yake.

Huenda mtu akasema mambo haya hayakuweza kutatuliwa wakati ule. Si kweli, na hapa ndipo lawama yangu inapokaza. Mwaka 1983 Kimmo Koskenniemi wa Helsinki alitoa mfumo wa kuchanganua maneno ya lugha zenye viambishi vingi, akianzia na Kifini chake. Arvi Hurskainen, wa chuo hicho hicho, akauchukua akautumia kwa Kiswahili, na mwaka 1992 akachapisha maelezo yake katika jarida la masomo ya Afrika la nchi za Nordiki. Programu yake ilipokea hawajasomeshwa na kurudisha mzizi, ngeli, wakati, kauli na ukanushi. Yeye na wenzake walishirikiana na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kukusanya matini na data ya lahaja. Yaani miaka mitatu kabla AltaVista haijazaliwa, mashine iliyokijua kitenzi cha Kiswahili ilikuwapo, na nyingi ya malighafi yake ilitoka kwetu. Kule Yale, kuanzia 1994, Martin Benjamin naye akaanzisha kamusi ya Kiswahili ya mtandaoni, ambayo watumiaji wenyewe waliweza kuichangia. Vifaa viwili, vyote vya kweli, vyote vya mapema. Ni nani katika Afrika Mashariki aliyedai viingizwe katika programu tulizokuwa tukiuziwa?

Tulichodai ni vitufe. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa msaada wa Uswidi, ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi kwa Kiswahili. Mwaka huo huo Microsoft ikatangaza kwamba Windows na Office zitavishwa Kiswahili, na wataalamu wa Kenya, Uganda na Tanzania wakaitwa kutunga msamiati. Google nayo iliwaalika wanaojitolea waufasiri ukurasa wake wa kusakia. Siibezi kazi hiyo. Kilinux hasa naiheshimu, kwa kuwa ilifanyika Dar es Salaam na kila mtu aliruhusiwa kuifungua na kuirekebisha. Maneno kama faili na hariri yamekaa vizuri katika menyu mpaka leo. Lakini tazama tulivyosherehekea! Magazeti yaliandika kwamba kompyuta sasa inazungumza Kiswahili. Ilikuwa imevaa kanzu. Ukibofya kitufe kilichoandikwa kwa Kiswahili fasaha, kilichoamka nyuma yake ni mkata mikia yule yule wa 1980.

Mnamo 2009 nyaya za baharini zilifika Mombasa, mtandao ukapata kasi, na mwaka huo huo Google ikaongeza Kiswahili katika mtambo wake wa kutafsiri na kuandaa shindano la wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania la kuandikia Wikipedia makala za Kiswahili. Kwa mara ya kwanza nikaona fedha na zawadi zikielekezwa kwenye matini badala ya vitufe. Mitambo mikubwa ya leo hukisia udugu wa maneno kutokana na wingi wa maandishi iliyoyameza, nayo imepiga hatua. Sitaipotezea nafasi, inajitetea yenyewe.

Wasiwasi wangu uko kwenye mitambo midogo, ile isiyotangazwa. Vyuo vikuu vyetu kadha huhifadhi tasnifu katika DSpace, programu huria iliyotolewa mwaka 2002 na chuo cha MIT pamoja na Hewlett-Packard. Ni programu nzuri na ni ya bure. Ilikuja na kanuni za Porter ndani yake na orodha ya maneno ya kupuuzwa ya Kiingereza, na asiyezibadilisha anabaki nazo. Porter mwenyewe baadaye alibuni Snowball, mkusanyiko wa kanuni za aina hiyo kwa lugha nyingi. Nilipoipitia orodha ya lugha zake nilikuta Kibaski, Kikatalani, Kiyidi. Kiswahili sikukiona. Wabaski ni watu wangapi? Hawakungoja kuandikiwa kanuni na Cambridge, walichangia zao.

Matokeo yake ni kwamba tuna tasnifu za Kiswahili, zimeandikwa kwa jasho, zimetetewa mbele ya jopo, zimehifadhiwa kwa uangalifu, na mwanafunzi anayeandika "usimulizi" hapati ile iliyoandikwa "wasimulizi" wala "masimulizi". Anaandika katika sura yake ya pili kwamba mada haijashughulikiwa. Nimesoma sentensi hiyo mara nyingi mno kama mtahini wa nje. Halafu anaambiwa, na walimu pia, kwamba ukitaka marejeleo tafuta kwa Kiingereza. Baada ya miaka mitano ya ushauri kama huo anakuja mbele yangu kuniuliza kwa nini Kiswahili hakina maandishi ya kitaalamu.

Idara za Kiswahili zinazo kila kitu cha kurekebisha hali hii isipokuwa nia. Kanuni za uambishaji tunazifundisha kila muhula. Idara ya sayansi ya kompyuta iko jengo la pili, na wakati mwingine ni ghorofa ya juu tu. Kazi ya uzamili ya mtu mmoja, mwaka mmoja, ingetosha kuandika mkata viambishi wa Kiswahili anayeweza kuwekwa katika maktaba yoyote nchini bila malipo, na ningependa kuona baraza la seneti likiipitisha kwa haraka ile ile inayopitisha tasnifu ya kumi kuhusu istilahi za simu za mkononi.

Kwa sasa, yeyote anayeniletea programu "ya Kiswahili" ili niipigie debe namwandikia maneno matano kwenye karatasi: ng'ombe, wasome, viwanja, Kiwanjani, zinatupa. Namwambia asake kila moja na anionyeshe kama kimeletwa chochote kutoka ukoo wa neno hilo, mbali na neno lenyewe. Kijana wa mwisho kunitembelea alipata viwanja akakosa mengine manne. Aliondoka na karatasi, akasema atarudi baada ya mwezi, nami nimemwachia nafasi Ijumaa alasiri.